Unaenda misheni Turkana? Anza hivi

Kila mara kuna kijana ananipigia simu, ameshaitwa, ameshaombewa, kanisa limeshamwekea mikono, sasa anataka kujua abebe nini. Maswali yanafanana: nyoka ni wengi? joto likoje? wale wa bunduki wanasumbua watumishi? Ni maswali ya haki na nitayajibu huko chini. Lakini hakuna anayeuliza habari ya pesa, na watu niliowaona wakifungasha kabla ya wakati wao, wengi hawakufukuzwa na nyoka wala joto wala risasi, ni sapoti ilikatika kimya kimya, wakaona aibu kusema, wakakopa dukani mpaka duka likakataa, halafu siku moja unasikia fulani ameenda nyumbani "kupumzika" na hujamuona tena. Kwa hiyo naanza na pesa, mliokuja kusoma ya kiroho vumilieni kidogo, yanakuja.

Naongelea Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwa sababu ndiko ninakokujua. Anayeenda Karamoja, Marsabit au Sudan Kusini atapata mengi yanayofanana ila asichukue kila kitu mzima mzima. Na naongea na sisi tunaotumwa na makanisa yetu wenyewe, Mkenya wa Bungoma, Mtanzania wa Mbeya, Mkongo wa Bukavu, sio mzungu aliyetumwa na shirika lenye ofisi na ndege. Hali zetu na zao ni tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Malizana na kanisa lako, kwa maandishi

Siku ya kukuaga watu watalia, wataimba, mmoja atasimama aseme atakutumia elfu tano kila mwezi mpaka Yesu arudi. Mshukuru, andika jina lake, lakini usimweke kwenye bajeti. Bajeti ijengwe na wale ambao wameshatoa miezi mitatu mfululizo kabla hujaondoka, hao ndio unaowajua. Mimi naona ni heri watu thelathini wa mia mbili mbili kuliko tajiri mmoja wa kanisa, kwa sababu tajiri akikosana na mchungaji basi na wewe umekosana naye bila kujua.

Kaa na kamati ya misheni mwandike karatasi moja, hata kurasa mbili tu, yenye majibu ya haya: ni kiasi gani kwa mwezi na kinaingia tarehe ngapi, kinapitia wapi (paybill ya kanisa ni bora kuliko simu ya mweka hazina), nikiugua nani analipa, nikifiwa nani ananipa nauli ya kwenda kuzika, watoto wangu wakifika sekondari itakuwaje, natumwa kwa miaka mingapi, na ripoti nampa nani. Halafu lile swali ambalo watu wanaona kama ni kukosa imani: mchungaji huyu akihamishwa, anayekuja analazimika na mimi au hapana? Hilo ndilo limeua misheni nyingi. Mchungaji mpya anakuja na maono yake, anataka kujenga jengo, wewe ulioko huko mbali unakuwa mstari kwenye daftari unaoweza kukatwa. Karatasi iwe na sahihi ya mzee wa kanisa na mhuri, nakala moja yako.

Wakikwambia "wewe nenda tu, Mungu atafungua njia", usigombane nao, ila usiende. Ngoja mpaka karatasi ipatikane.

Hatua ya 2: Makaratasi mengine

Hapa napita haraka. Mkenya uwe na kitambulisho, cheti cha tabia njema cha polisi, barua ya kanisa linalokutuma na barua ya kanisa linalokupokea. Ukiwa wa nchi nyingine njoo na pasipoti na kadi ya njano ya homa ya manjano, na kumbuka kuingia mpakani ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo lingine, utahitaji kibali cha kazi cha daraja I, hiyo ni herufi I, ndiyo ya watu wa dini na wa kujitolea, na kinaombwa na kanisa la Kenya lililosajiliwa kwa niaba yako, sio wewe peke yako. Kianze mapema. Ukishakipata kuna kitambulisho cha mgeni pia. Usije na stempu ya mtalii ukaanza kufungua matawi.

Na hili la barua usilidharau. Baada ya yale ya Shakahola mwaka 2023, ambako waumini wengi walikufa kwa kufunga chakula wakimfuata mhubiri wao, mtu anayekusanya watu chini ya mti porini bila karatasi yoyote lazima aulizwe, na mimi sioni ubaya, hata mimi ningekuuliza.

Hatua ya 3: Nenda ukaone kwanza, na uende wakati mbaya

Usitembelee Turkana baada ya mvua, wakati nyasi zimeota kwenye mchanga na maziwa ya mifugo ni mengi, utarudi umependa kitu ambacho hakipo miezi mingine. Nenda Februari. Nenda na mkeo au mumeo, kwa sababu nimeona mwanaume amerudi na ushuhuda mzito, mkewe hajaona chochote, wakahamia, mama akashuka kwenye gari akatazama huku na huku akauliza mji uko wapi, wakamwambia ndio huu.

Lala wiki mbili kwa mtumishi ambaye yuko tayari huko. Usipewe chumba cha wageni Lodwar mjini chenye feni, uende ndani, Lokori au Kalokol au Kaaleng au huko utakakokaa. Kaunti ni kubwa mno, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu laki tisa na elfu ishirini na saba, kwa hiyo kusema "naenda Turkana" ni kama hujasema kitu. Kakuma ambako kuna kambi ya wakimbizi tangu 1992 ni dunia nyingine kabisa, huko utapata Wakongo na Warundi wanaofanya ibada kwa Kiswahili safi kuliko chako. Kando ya Ziwa Turkana watu wanavua samaki. Ndani kabisa watu wanahama na mifugo. Amua unaenda kwa nani kati ya hawa.

Hatua ya 4: Mzigo

Watu wanabeba vitu vingi mno. Nguo za pamba nyepesi, mikono mirefu, kofia pana, leso nyingi. Neti mbili sio moja maana unalala nje na unaweza kuhama. Tochi ya kichwa. Paneli ndogo ya sola na betri. Simu mbili, moja ya kisasa na moja mulika mwizi inayokaa na chaji wiki, na ujue mtandao uko mijini na kando ya barabara, ukiingia ndani kuna vilima ambavyo kila mtu anajua ndivyo vya kupigia simu. Mitungi ya lita 20 utanunua Lodwar. Akala pia nunua huko, hivyo viatu vya tairi unavyoona wazee wamevaa sio umaskini, ni miiba ya mathenge. Huo ni mti ulioletwa miaka ya 70 na 80 kuzuia jangwa, sasa umefunga njia na mito, mwiba wake unapita soli ya raba kama siagi na tairi ya pikipiki haiponi, kwa hiyo ukija na pikipiki njoo na tyubu za akiba, viraka na pampu.

Biblia ya Kiturkana ipo, nzima, itafute. Vitabu vya theolojia acha nyumbani, mchwa watavisoma kabla yako.

Hatua ya 5: Njia

Njia ya kawaida ni Kitale, Kapenguria, Marich, Kainuk, Lokichar, Lodwar, kama kilomita 300 kutoka Kitale. Barabara imekuwa nzuri sehemu nyingi siku hizi, sio ile ya zamani ya kulala njiani siku mbili. Safiri mchana. Upande wa Kainuk ndiko Turkana na Pokot wanakopakana na huko ndiko habari mbaya hutokea, kwa hiyo kabla hujapanda gari muulize dereva, na uulize mwingine ambaye hana haja ya nauli yako, kumekuwaje wiki hii. Wakisema magari yanasubiri kusindikizwa na wewe subiri. Sina la kuongeza hapo, ushujaa wa barabarani haujawahi kumleta mtu kwa Yesu.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza ni ya kujulisha watu upo

Kabla hujafungua begi vizuri nenda kwa chifu, halafu kwa naibu wake, halafu mzee wa kijiji. Peleka barua. Usiende kwa haraka, kaa, kunywa chai kama ipo, jibu wewe ni wa nani na unataka nini. Halafu wapitie waliokutangulia, padre, AIC (Africa Inland Church), Wapentekoste, Waislamu wa dukani, wote. Wakatoliki na wa AIC wako Turkana tangu miaka ya sitini, 1961 kulikuwa na njaa kali na mlango ulifunguka kwa chakula cha msaada, maana kabla ya hapo serikali ya mkoloni ilikuwa imelifunga eneo. Jimbo Katoliki la Lodwar ni la 1978. Hospitali, visima, shule nyingi, ndiyo kazi yao. Sasa wewe ukifika na spika ukaanza kusema eneo hili halijawahi kusikia injili, watu watakuangalia tu wanyamaze, ila wamekuweka kwenye kundi lako.

Na hiyo 1961 inakuhusu kwa njia nyingine pia, nitairudia.

Hatua ya 7: Mwili wako

Joto ni nyuzi 35 hadi 40 karibu kila siku na upepo wa mchanga juu yake. Wiki za mwanzo fanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa nne, kisha kaa kivulini kama wenyeji mpaka saa kumi. Mtu wa Limuru au wa Njombe anayejifanya shujaa saa saba mchana atazimia kwenye mchanga. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Maji yenyewe uliza ni ya kisima gani, ya ziwa yana magadi na floraidi, utaona watoto wenye meno ya kahawia kando ya ziwa, usiwape watoto wako hayo kila siku. Laga, yaani mto mkavu, wanachimba mchanga wanapata maji, hayo chemsha.

Malaria inapanda baada ya mvua, watu wanadhani kwa sababu ni jangwa hakuna. Kuna kala-azar, inaenezwa na visubi vidogo vinavyokaa kwenye vichuguu, homa inakaa wiki na wiki, tumbo linavimba upande wa bandama na mtu anakonda, kwa hiyo ukiona homa imetibiwa malaria mara mbili na bado ipo, dai upimwe hiyo. Trakoma ya macho ipo, osha nyuso za watoto hata kama maji ni machache. Na kuna ule ugonjwa wa uvimbe wa maji tumboni unaotokana na minyoo ya mbwa, Turkana ni kati ya sehemu zilizojulikana duniani kwa huo ugonjwa, mbwa huku ni wa nyumbani kabisa, anakaa na watoto, analamba sufuria. Kwako mbwa asilambe chombo chochote, nawa mikono kabla ya kula, na nyama ya ndani yenye vivimbe usimpe mbwa, ichome.

Nge wapo, kung'uta kiatu kila asubuhi na usitembee usiku bila tochi. Nyoka wapo, yule mdogo wa mchanga ndiye mbaya, kwa sababu haonekani na hakimbii. Akikuuma mtu usifunge kamba wala usikate na wembe, mtulize, usimtembeze, mpeleke hospitali ya rufaa Lodwar au iliyo karibu. Lipia SHA, ile bima ya afya ya serikali, na kama kanisa linaweza lichukue ile bima ya AMREF ya kubebwa na ndege ukizidiwa, sio ghali kama watu wanavyodhani.

Lala nje ndani ya neti. Nyumba ya mabati usiku ni oveni.

Hatua ya 8: Miezi sita funga mdomo

Wengi hapa hawanisikii. Wanafika Jumamosi, Jumapili wanahubiri na mkalimani. Mkalimani ni kijana wa sekondari, amevaa jezi ya Arsenal, wazee wanamsikiliza yeye sio wewe, na yeye ukisema sentensi tatu anasema moja, ukisema moja anasema saba, hujui amesema nini lakini watu wanacheka na wewe unacheka, unarudi nyumbani unaandika ripoti Bwana ametenda.

Tumia miezi sita ya kwanza kujifunza Kiturkana na kukaa. Kiswahili kinafanya kazi Lodwar, Kakuma, Lokichar, dukani na ofisini, lakini ukiingia kwenye adakar, lile kundi la familia zinazohama pamoja, akina mama na wazee wengi hawakitumii. Anza na salamu, "ejoka", unajibiwa "ejok", na ujifunze kuuliza kila kitu ni nini. Walimu wazuri ni watoto na wanawake kwenye kisima cha mchanga. Shuka lagani na mtungi wako, pale kuna shimo refu kupita kimo cha mtu, mmoja yuko chini anachota kwa bakuli, anampa wa juu yake, huyo anampa wa juu, huku wakiimba, na juu mbuzi wanangoja zamu kwenye hori la mti. Ukipewa bakuli upokeze, umeshaanza shule. Watakucheka matamshi. Watakupa jina pia, Lokiru au Nakiru au lingine, likubali.

Wanaume unawapata chini ya mti. Mzee anakaa kwenye ekicholong yake, kigoda kidogo cha mti ambacho usiku ndicho mto wake wa kulalia, mkononi ana kile kisu cha duara kimevishwa ngozi kwenye makali. Salimia, kaa chini, nyamaza. Usiulize mtu ana mbuzi wangapi, hilo ni kama kumuuliza mtu wa mjini ana pesa ngapi benki. Usipige picha. Kwenye nyama ya wanaume kuna mpangilio, kila mwanaume ni wa chui au wa mawe, ngirisae au ngimor, baba akiwa upande huu mwanawe yuko upande ule, na nyama inagawanywa kwa kukaa huko, kwa hiyo usijikalie tu, ngoja uonyeshwe. Kuna mtumishi aliyejaribu kugawa nyama kwa usawa "kama ndugu katika Kristo", ilichukua muda.

Hatua ya 9: Kuombwa

Hapa ndipo wengi wanachoka, na kwa kweli ndipo misheni yenyewe ilipo.

Utaombwa kila siku, kuanzia asubuhi mlangoni mpaka usiku, na utaombwa waziwazi, bila "samahani" wala "kama hutajali". Nipe sukari. Nipe hiyo shati. Nipe tumbaku. Nipe nauli. Mtu wa bara anasikia kama matusi, anaanza kusema hawa watu ni ombaomba wameharibiwa na msaada. Kidogo ni kweli, kanisa lilifika na gunia la unga 1961 na tangu hapo kanisa na chakula ni kitu kimoja kwenye vichwa vya watu wengi, na wewe unarithi hiyo hata kama huna hata kilo. Lakini kaa uangalie vizuri utaona wao kwa wao wanaombana hivyo hivyo, siku nzima. Nchi ambayo ukame ukija unaweza kulala na mbuzi themanini ukaamka na kumi, mtu anaishi kwa watu anaoweza kuwaomba. Asiyeombwa hana rafiki. Kwa hiyo anayekuomba shati anakupima kama umo au humo.

Namna ya kuishi na hiyo: kwanza, na wewe omba. Akisema nipe sukari mwambie nipe mbuzi, ucheke, na usishangae siku moja mbuzi akaja kweli. Kama umekubali kupokea maziwa kwake, umeshakuwa mtu. Wamisionari wanaotoa tu na hawapokei kitu wanabaki kama ghala.

Pili, usidanganye. Ukisema sina na watoto walikuona ukishusha gunia jana, umekwisha. Sema ninayo na siwezi kukupa leo. Wanakubali hilo kuliko unavyodhani.

Tatu, amua mapema na mwenzio mambo gani hamtakataa kamwe. Kwetu ni mtoto mgonjwa na mama anayejifungua, saa yoyote, hata kama petroli ya pikipiki ndiyo ya mwisho. Mengine yote yana mipaka. Pesa taslimu mimi sitoi, natoa kinacholiwa, sukari na majani ya chai, nanunua kwa jumla Lodwar nafunga vifungu vidogo. Tumbaku ni vita vya dhamiri, wazee wanaipenda na makanisa yetu mengi yanaikataza, ulizana na askofu wako kabla hujafika, mimi sitoi lakini sijawahi kumhubiria mzee wa miaka sabini juu ya tumbaku yake pia.

Nne, usigawe chakula kwenye ibada. Kamwe. Kukiwa na njaa na nyumbani wamekutumia magunia, yapitie kwa chifu na kamati ya kijiji, siku isiyo ya ibada, kwa wote, Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini. Ukigawia waliokuja kanisani utakuwa na kanisa kubwa sana mpaka gunia la mwisho.

Na duka. Mwenye duka ndiye benki yako, pesa zako zikichelewa yeye ndiye anakulisha. Weka daftari lake na lako, yafanane, na usivuke kiasi cha mwezi mmoja. Kumbuka pia pesa za HSNP, zile za serikali kwa familia maskini, zikiingia kila mtu analipa madeni na bidhaa zinakwisha, nunua unga kabla.

Hatua ya 10: Kanisa lenyewe

Usijenge. Najua kanisa la nyumbani linataka picha ya jengo. Watu unaowahudumia wanafuata majani, mvua ikinyesha kule wanaondoka na punda na mbuzi na nyumba zao, utabaki na jengo la mawe na popo. Fanya ibada chini ya mti, na adakar ikihama hama nayo angalau wiki chache, ndiyo utaelewa unaishi na nani. Mwanzoni watakuja wanawake na watoto, wanaume watakuja kama uliwahi kukaa nao ile miezi sita.

Mambo mawili yatakukuta tu. Moja ni ndoa. Mahari huku ni kubwa, ng'ombe, ngamia, mbuzi, punda, inalipwa kwa miaka, na harusi yenyewe, akuuta, inayochinjwa ng'ombe, inaweza kuja wakati watoto ni wakubwa. Kwa hiyo unao watu waaminifu kabisa wameishi pamoja miaka ishirini na kwa macho ya wazee na kwa macho ya kanisa lako hawajamaliza kuoana. Na kuna wenye wake watatu wanaotaka kubatizwa. Usitoe sheria ukiwa mgeni. Jua msimamo wa kanisa lako kabla hujaondoka nyumbani, na kama msimamo ni "afukuze wake wawili", waulize viongozi wako hao wanawake na watoto wataenda wapi na wakupe jibu la maandishi, utaona kikao kitakavyokuwa kirefu.

La pili ni mvua. Akuj ni Mungu na huko juu ndiko mvua inakotoka, utaambiwa omba mvua. Omba, kwa nini usiombe. Ila usitaje siku. Na emuron, yule mwaguzi wao, msalimie kama mzee mwingine yeyote, usimtukane kwenye mahubiri mbele ya wajukuu zake, nusu ya waumini wako ni wajukuu zake.

Kukitokea uvamizi wa wizi wa mifugo, zika waliokufa, kaa na waliofiwa, na usibebe habari. Usiseme umeona nini ulipopita upande wa pili. Vijana wakitaka uwaombee wanapokwenda kulipiza, sema hapana wakikusikia wote, mbele ya wazee, halafu ubaki pale pale usikimbie.

Wasioolewa na wasiooa: msikae nyumba ya peke yenu, kaeni na familia. Mwanaume utaulizwa kwa nini huna mke na utatafutiwa. Dada utaulizwa baba yako anataka mifugo mingapi. Cheka, jibu, endelea.

Hatua ya 11: Watoto, na likizo

Wadogo wasome shule ya kijijini, wataongea Kiturkana kabla yenu na hiyo ni faida kubwa. Wakikua wengi wanapelekwa bweni Kitale au Eldoret, ni gharama na ni machungu, ndiyo maana iko kwenye karatasi ya hatua ya kwanza.

Likizo nenda kila mwaka hata kama unajisikia vizuri. Panga kabla ya mvua kubwa ya Aprili, laga zikijaa hakuna gari. Huko nyumbani utaambiwa usimame utoe ushuhuda, usionyeshe picha za watoto wenye njaa ili watu watoe zaidi, wenyewe hawajakuruhusu na siku hizi wana simu, wataziona. Kaa na kamati, toa ile karatasi, someni mstari kwa mstari nini kimetimia na nini hapana.

Huku Turkana, kabla hujaondoka, waambie watu utarudi lini na kama hujui usitaje mwezi. Mwachie mtu mmoja ufunguo, mwingine mbuzi wako kama umeshapata. Lipa deni la duka kabla ya kupanda gari. Na nauli ya kurudi usiende nayo nyumbani, itaisha kwenye michango ya ukoo, mwachie mtu unayemwamini Lodwar akutumie kwa M-Pesa siku unayofungasha.